Mwalimu Alikuja Kujifunza Kubeba

Mteja wangu wa kwanza alipanda ngazi za jimu moja mjini Embu akiwa amevaa sketi ndefu, sweta ya kijani na viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikifuta vyuma ambavyo nilikuwa nimeshavifuta asubuhi hiyohiyo, maana mtu anayejiita mkufunzi na hana wa kumfunza lazima atafute cha kufanya. Vijana waliokuwa wakinyanyua uzito karibu na dirisha waligeuka kumtazama. Kisha mmoja akasema, wala si kwa sauti ya chini, "Wasee, shosho amepotea njia."

Aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitutazama sisi darasani, mpaka yule aliyesema akainamisha kichwa. Halafu akaniona.

"Wawira. Nimeambiwa hapa kuna mtu wa kufundisha mazoezi. Ni wewe?"

Nikasimama. Huyu alikuwa amenifundisha darasa la nne kule kijijini kwetu, Manyatta, na miguu yangu ilikuwa haijasahau.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mimi."

"Basi nifundishe kubeba mtu."

Nilifikiri sijasikia vizuri. Wanawake wachache waliowahi kupanda ngazi zile waliuliza kuhusu tumbo, au kuhusu harusi iliyokuwa inakaribia. Mwalimu alieleza kwa ufupi, kama anayesoma ratiba. Mzee wake alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja haukuwa na kazi tena. Asubuhi alihitaji kutolewa kitandani na kuwekwa kwenye kiti, jioni arudishwe. Yeye alikuwa na zaidi ya miaka sitini, na mgongo wake haukuwa wa kuaminika.

"Watoto wako mbali," akasema. "Mimi niko karibu. Tuanze."

Kozi fupi niliyofanya Nairobi haikuwa na somo la kubeba wazee. Nilikuwa nimerudi nyumbani na cheti chake chenye mhuri, na mama alikiweka chini ya kitambaa cha meza, mahali ambapo wageni hawangekiona. Baba alitaka niende chuo cha ualimu. Watu wa kanisa walipouliza Wawira anafanya nini siku hizi, mama alijibu, "Yuko kwa mambo ya afya," kisha akawaongezea chai haraka. Baba hakuficha. "Nimesomesha mtoto aende kuhesabia watu wakiruka," alisema mbele ya wajomba, na wajomba wakacheka. Mwenye jimu naye alinikubali kwa sababu alitumaini wanawake wangekuja wakimwona mwanamke, na wanawake hawakuja. Kwa hiyo Mwalimu aliponiuliza kama naweza, nilisema naweza. Kisha nikaenda kukaa siku nzima na mhudumu mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini niliyemjua, nikamwomba anionyeshe jinsi wagonjwa wanavyoinuliwa bila kuumiza mtu.

Kwa kawaida Mwalimu alifika asubuhi, wakati wengi wako kazini. Alivua sketi, chini akiwa na suruali ya trakisuti, akaikunja sketi hiyo kwa utaratibu kama bendera ya shule na kuiweka juu ya kiti. Akimaliza mazoezi aliivaa tena juu ya suruali, akafunga kitambaa kichwani, na mwanamke aliyeshuka ngazi hakuwa na dalili yoyote ya yule aliyekuwa akihema juu. Alikuja na thamosi ya chai na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa changu, nipende nisipende.

Nyumbani alisema anaenda kukutana na akina mama. Mzee wake aliamini ni akina mama wa kanisa. Mimi nilishangaa, kwa kuwa Mwalimu huyu ndiye aliyewahi kumsimamisha mwenzetu mbele ya gwaride kwa kudanganya kuhusu kitabu kilichopotea.

"Si uongo," alinijibu akimimina chai. "Sikusema mama gani. Wewe utakuja kuwa mama, au umekataa?"

Hakuacha ualimu pale mlangoni. Siku moja nilimwambia, "Mwalimu, magoti yako iko mbele sana," akasimama wima, akaweka chini gunia la mchanga alilokuwa amebeba.

"Magoti yako *yako* mbele. Sema vizuri, nitakunja vizuri."

Vijana wa dirishani walicheka mpaka mmoja akaangusha chuma. Baada ya hapo wakawa wakimsalimia, kwanza kwa mzaha, halafu kwa adabu ya kweli. Yule aliyemwita shosho, yaani bibi kizee, alianza kumpandishia thamosi ngazini.

Gunia lilikuwa wazo lake. Mimi nilikuwa nimemwanzishia vyuma, kidogo kidogo, na alivinyanyua bila kulalamika. Lakini baada ya muda akaniambia vyuma havimsaidii. "Chuma hakilegei, Wawira. Mtu hulegea." Nikatafuta gunia, nikalijaza mchanga nusu ili liyumbe na kuporomoka upande. Tukaliegemeza kwenye benchi. Alilikumbatia kifuani, akalibana kwa magoti yake, akapumua nje, akainuka nalo, akageuka, akalikalisha kwenye kiti. Mara za kwanza lilimponyoka. Alilitazama pale sakafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaliinamia tena.

Ukimwambia pole aliudhika. "Pole mpe aliyefiwa. Mimi nipe kazi." Alilisema hilo kwa kila mtu, hata kwa mchungaji aliyemsimamisha sokoni kumwuliza hali ya nyumbani. Mchungaji alicheka, yeye hakucheka. Hakupenda kusindikizwa, hakupenda kuombewa kwa jina lake ibadani. Lakini kama mtoto wa mtu yeyote ameugua, Mwalimu ndiye aliyetangulia kufika na chupa ya uji.

Kuna jambo ambalo sisi wa Manyatta tulilijua na hatukulisema. Nilipokuwa darasa la nne, kuna wakati Mwalimu aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefungwa shingoni. Herufi zilipinda kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja wetu alikuwa amesikia mama yake akinong'ona kwa jirani jikoni, kwa Kiembu, sauti ikishuka akifika kwenye jina la mume wa Mwalimu. Mzee huyo alikuwa mtu mkubwa, wa mwili na wa heshima. Alizungumza vizuri kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa na alisimama mbele kanisani. Akipita njiani baba zetu walivua kofia. Mwalimu alikuja shuleni na nguo za mikono mirefu hata kiangazi, akatufundisha ngeli, akatupima kucha, akarudi nyumbani.

Sasa mimi, mtoto wa darasa lile, nilikuwa nashika kiuno chake kumwonyesha jinsi ya kusimama imara ili ambebe mtu huyohuyo. Nilijiuliza kila siku kwa nini, na sikuuliza. Nilikuwa mdogo, na yeye alikuwa Mwalimu. Mara moja tu neno lilinitoka. Alikuwa amemaliza zoezi, amekaa, mikono imelala mapajani, na nikaona kiwiko kimoja hakinyooki sawasawa.

"Mwalimu, hicho kiwiko kiliumia lini?"

Akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Zamani," akasema. "Kinafanya kazi. Endelea kuhesabu."

Watoto wake hawakuwa wabaya. Binti alipiga simu mara kwa mara kutoka Nairobi, na kaka yake alikuwa Nakuru. Walimletea kijana mmoja mwenye nguvu, aliyesomea kuhudumia wagonjwa, akae pale nyumbani. Mwalimu alimpa chakula kizuri, akamwacha apumzike na uchovu wa safari, kisha akamwambia arudi kwao. Binti alinipigia simu mimi, akilia, akiniomba nimshawishi mama yake.

Nilijaribu. Tulikuwa tunakunywa chai.

"Mwalimu, yule kijana angekusaidia. Hata mimi singeweza kumbeba mtu kila siku."

"Mzee wangu nitambeba mimi."

"Lakini kwa nini?"

Akaweka kikombe chini. "Kwa sababu naweza," akasema. "Si wewe umenifundisha?"

Niliona fahari. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu mmoja duniani alikuwa amesema kazi yangu ni kazi. Kwa sababu yake wengine walianza kuja. Aliwaleta mwenyewe: muuza nguo mwenye magoti mabovu, mke wa daktari, karani wa kaunti aliyekuwa akilia kila akiona mizani. "Jina lake ni Wawira," aliwaambia, "na wira kwetu ni kazi. Msije hapa kukaa." Mama yangu alisikia habari hizo sokoni, na cheti kikatoka chini ya kitambaa.

Siku niliyoitwa Manyatta ilikuwa ya mvua ya manyunyu. Mwalimu alipiga simu karibu saa sita mchana na sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kama huna mtu sasa hivi, fika nyumbani. Mlango uko wazi." Nikachukua boda boda. Niliwakuta chumbani, wote wawili sakafuni. Mzee alikuwa amelala ubavu, na mto chini ya kichwa chake. Mwalimu alikuwa amekaa kando yake, ameegemea kitanda, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Mzee aliteleza mkononi mwake, naye alipojaribu kumdaka mgongo ukakataa. Simu ilikuwa mezani. Alikuwa ametumia saa zote hizo kuivuta kwa kitambaa cha meza.

"Mwalimu, kwa nini hukuita majirani? Wako hapo tu nje ya ua, nimewaona."

"Miaka yote ile sikuwaita," akasema. "Niwaite leo?"

Mzee akafungua macho. Maneno yalimtoka yakiwa yamelegea, lakini nilielewa. "Huyu ni nani?"

"Ni Wawira. Ndiye amekuwa akinifundisha."

"Asiniguse. Mtoto wa watu asiniguse."

Mwalimu akamgeukia, akamwambia maneno machache kwa Kiembu. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba hapa chini wamelala wawili, na kwamba si yeye tena wa kuamua nani amwinue. Mzee akafumba macho. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikakunja magoti, nikamwinua. Nilitarajia mtu mzito. Tangu utotoni nilikuwa nikimwona mzito. Alikuwa mwepesi kuliko gunia letu. Shati lake lilinukia sabuni, kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri, ndevu zimenyolewa bila jeraha. Nilipomweka kitini machozi yalikuwa yakimshuka, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa kuwa ule mzima ulikuwa umeshika kola yangu na hakutaka kuiachia.

Mwalimu alimtazama mzee akilia. Nilingoja amfute. Hakumfuta. Aliniambia nimsaidie kuinuka, na aliposimama akatoka kwenda kuona kama ng'ombe amepata maji.

Nilimkataza kurudi kwenye gunia. Alirudi baada ya majuma machache, mgongo umefungwa mkanda, na akaanza tena na uzito mdogo kama mwanafunzi aliyerudia darasa.

Mimi nilipata nafasi Meru. Jimu kubwa kidogo, karibu na uwanja wa Kinoru, yenye vioo ukutani na watu wa ofisi wanaokuja kabla ya kazi. Mwalimu aliniambia niende. Aliniambia hivyo akiwa anafunga vifungo vya sketi yake, hakuniangalia. Tukawa tunaongea kwa simu, kidogo, hasa kuhusu mgongo. Habari ya kifo cha mzee nilipigiwa na binti yake.

Mazishi yalijaa. Wazungumzaji walifuatana wakimsifu marehemu kwa hekima, kwa kahawa, kwa kujenga kanisa. Mmoja alimsifu kwa nyumba yake yenye amani, na niliona wanawake wa rika la mama yangu wakiangalia nyasi. Mwalimu alikaa wima, macho makavu. Vijana wa jimu ya Embu walikuwa wamekuja, wamevaa mashati meupe yaliyowabana mabegani, nao ndio waliobeba jeneza. Walipoinama kulichukua, Mwalimu akasema kutoka kitini, kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "Kunjeni magoti."

Binti yake akamkumbatia. Watu walifikiri huzuni imemchanganya. Vijana walikunja magoti.

Nilimwona tena mwaka jana, Runyenjes, siku ya soko. Nilikuwa nimemsindikiza mteja wangu kuangalia shamba la kununua, nikaingia kwenye hoteli moja kunywa kitu. Mwalimu alikuwa kwenye meza ya ndani kabisa. Alikuwa akikaa na dadake huko sasa, nyumba ya Manyatta imefungwa. Sikumtambua mara moja. Mabega yaliyokuwa yameanza kujaa mikononi mwangu yalikuwa yamerudi ndani, na alishika kikombe kwa mikono miwili kama anayeota moto.

"Wawira. Umenenepa vizuri."

Tukaongea. Nilimwambia kuhusu Meru, kuhusu watu wangu, kuhusu wasichana wawili ninaowafunza kazi hii. Alisikiliza. Kisha, bila kubadili sauti, akasema, "Uliwahi kuniuliza kwa nini nilimfukuza yule kijana wa kuuguza."

"Ulisema kwa sababu unaweza."

"Ndiyo." Akasogeza kikombe. "Ilikuwa asubuhi, wiki ile aliyofariki. Nilimtoa kitandani vizuri, kama ulivyonifundisha. Magoti yake kwenye magoti yangu. Kiti kiko nyuma yake. Nikasimama. Sikumgeuza. Nikasimama tu, nimemshika."

Mhudumu alipita na sahani za chapati. Mwalimu akangoja apite.

"Akaniangalia. Umewahi kuona mtu mzima akiogopa? Anakuwa kama mtoto aliyeitwa ofisini. Alijua nikifungua mikono anaanguka, na hakuna atakayeniuliza. Mke mzee, mume mzito, kila mtu angesema pole. Hapo ndipo nilipojua kilichonipandisha zile ngazi zako. Sikuja kujifunza kumbeba, mwanangu. Nilikuja ili siku moja nimshike hivyo, niwe na uwezo wa kumwachilia."

Nikageukia dirisha. Nje mwendesha boda boda alikuwa akifunga mikungu ya ndizi.

"Na ukafanya nini?"

"Nikamweka kitini. Nikamfunika miguu. Akasema asante." Alilitamka neno hilo kama anayelikagua makosa. "Tangu tuoane hakuwahi kuniambia. Nikaenda nje nikakasirika mpaka nikatapika. Kwa sababu nilikuwa nimemweka chini na sikujua kama nimemsamehe, au nimeogopa tu kama kawaida yangu. Mpaka leo sijui. Watu wanapita wakiniambia nilimpenda sana yule mzee. Wananiambia nilikuwa mke wa kweli."

"Mwalimu, hukumwangusha."

"Sikumwangusha," akasema. "Hilo najua."

Nilimwambia aje Meru, akae kwangu kidogo, tuanze polepole, mwili wake bado una uwezo. Nilisikia sauti yangu ikichangamka, ile sauti ninayotumia kwa wateja wapya. Akanitazama kwa upole.

"Tuanze nibebe nani?"

Wingu lilikuwa limeshuka na wachuuzi walikuwa wakikusanya turubai. Alisema dadake atamngoja, ni saa ya kwenda. Akaweka viganja mezani, akavuta pumzi, akajisukuma. Hakuinuka. Nikasogea, akauondoa mkono wangu begani mwake, si kwa ukali. Akajaribu tena. Watu wa meza ya pili wakatazama, kisha wakajifanya hawatazami. Nilijua pa kumshika. Nilijua kila kiungo cha mwili ule. Alirudi kukaa, akainyoosha sketi yake magotini.

Mhudumu akaja kuuliza kama tumemaliza.

"Bado," Mwalimu akasema. "Tuletee chai nyingine."